Karatasi ya Pili

Faisalabad
Ijumaa, 6 Machi 1987

Kwa Mheshimiwa Bibi Safura, mwenye kiti cha wanawake katika dargahi, kaburi la walii wetu Pir Nur Miran, Kot Mirana.

Bibi, barua hii naiweka miguuni pako kabla haijafika mkononi mwako. Sisi hapa wazima kwa dua zako. Mdogo wako Gulrukh anakusalimu, na binti yetu Mahjabin anakubusu mikono.

Haja yangu ni moja. Amekuja mtu kumposa Mahjabin. Kijana anaitwa Ihtisham, mama yake Hajra, baba yake Rahmat mfumaji, wa mtaa wa vinu vya nguo. Si Sayyid. Nalitaja hilo mapema usije ukadhani nimelificha. Kazi yake ni kupima damu hospitalini. Posa ilipoletwa nilitaka kuwatoa nje na chai yao haijapoa. Lakini nimemchunguza miezi miwili, Bibi. Msikitini ni safu ya kwanza, hachelewi. Mama yake akiumwa miguu anamkanda mwenyewe mbele ya wageni, wala haoni haya. Nilimuuliza kwa nini anamtaka binti wa Masayyid. Akanijibu: "Mzee, mimi simtaki binti wa Masayyid. Namtaka Mahjabin." Nilikasirika, halafu nikacheka. Sijamwambia mtu kwamba nilicheka.

Moyo wangu umeelekea kukubali. Lakini moyo wangu ni wa karani wa ofisi ya mifereji, unajua maji tu. Tangu nioe katika nyumba yenu sijahama chumba wala kununua mbuzi bila istikhara yako. Tutazamie, Bibi. Ukiona ndotoni nyeupe au kijani, nitatoa neno Ijumaa hiyohiyo. Ukiona nyeusi au nyekundu, mlango umefungwa na sitauliza sababu. Jina la mama wa binti unalijua.

Mimi wa kizingitini pako,
Mazhar Shah


Faisalabad
siku hiyohiyo

Dada Safura,

Barua ya Mazhar itakufikia imejaa miguu na vizingiti. Hii yangu nimeilaza chini ya lozi, ndani ya kopo. Kula lozi, barua ichome.

Dada, ona nyeusi.

Basi, nimesema. Mfumaji! Watu walikuwa wanagombea maji aliyonawia mikono babu yetu, leo kitukuu wake akaoshe vikombe kwa Hajra, vinu vinanguruma ukutani kutwa? Na huyo kijana anapima damu za mji mzima, yake mwenyewe hajui imetoka wapi. Nilimwambia hivyo Mahjabin. Unajua alinijibu nini? "Mama, damu zote ni nyekundu, nimeonyeshwa kwenye hadubini." Umesikia? Kwa hiyo ameshaingia huko ndani, ameinama juu ya hadubini, naye kasimama pembeni anamwelekeza. Mimi nimebaki na shela langu mdomoni.

Nikikataa mimi, mtoto atanichukia mpaka nife. Baba yake hawezi kukataa, amelainika kama chapati iliyolowa maziwa. Lakini akikataa Mungu, nani atamchukia Mungu? Atalia wiki mbili, nitamfuta machozi mimi mwenyewe, mwakani tunampa mtoto wa Sajjad Shah wa Jhang na kila mtu anasahau.

Hutakiwi kufunga, hutakiwi hata kulala na kuota. Andika tu. Mdogo wako hajawahi kukuomba kitu.

Gulrukh wako


Kot Mirana
15 Rajabu 1407

Mazhar Shah,

Salamu zako zimefika. Nilifunga siku tatu, nikaswali rakaa mbili, nikalalia ubavu wa kulia baada ya alfajiri. Nakueleza nilichoonyeshwa, bila kuongeza.

Niliona kisima. Binti yako ameinama anateka maji. Ndoo ilipotoka, maji yalikuwa meusi kama wino, na aliyeshika kamba upande wa pili alikuwa mwanamume asiye na uso. Hiyo ndiyo posa yako.

Halafu kisima kikawa ua wetu wa wanawake, huu wenye mwarobaini. Binti yako ameketi pale ninapoketi mimi, amevaa nyeupe, funguo kiunoni, na wanawake wamepanga foleni hadi barabarani. Alinitazama akasema: "Umechelewa kuniita." Weupe ule ulinichoma macho hadi nilipoamka.

Uliuliza moja, ukajibiwa mawili. Mimi sichagui. Anayekikalia kiti hiki haolewi, hilo unalijua, na mimi nimezeeka bila wa kunirithi. Mlete kabla ya Ramadhani.

Safura


Faisalabad
24 Machi 1987

Dada, umefanya nini?

Mazhar alisoma barua yako amesimama, akaisoma tena amepiga magoti. Amegawa halua mtaa mzima. Majirani wanakuja kumshika Mahjabin mabega, wananusa mikono yao kutafuta baraka. Akina Rahmat wamerudishiwa posa yao, na yule mama yao asiye na kiburi kakiweka kijibarua chako kichwani, akasema kama Bibi ameona nyeusi basi ni nyeusi. Hilo nilitaka, nakushukuru. Lakini hayo mengine?

Mimi nilikuomba nyeusi. Nani alikuomba nyeupe?

Mtoto hajala siku ya pili leo. Hanililii mimi, dada. Amekaa tu anakunja na kukunjua kitambaa cha chuo chake cha ualimu. Ana mitihani mwezi wa tano. Huyu ndiye mtoto pekee niliye naye, wale wawili niliwazika wadogo, na wewe ndiye uliyewasomea. Mwandikie Mazhar kwamba umekosea tafsiri. Sema ule haukuwa ua wetu, ulikuwa Madina, na maana yake mtoto atahiji. Mazhar atakubali chochote. Ungemwambia umemwona juu ya ngamia angenunua ngamia.

Fanya haraka. Ramadhani imebaki wiki tano.

Gulrukh


Kot Mirana
1 Shaabani 1407

Gulrukh,

Lozi zako zilikuwa zimeoza, tatu katika kila kumi. Nimekula zote.

Unasema hujawahi kuniomba kitu. Ni kweli, wewe huombi. Wewe huchota. Nikukumbushe, maana ulikuwa na miaka saba na mimi kumi na minane. Asghar mtoto wa ami alikuja kutoka Bahawalpur kuniposa. Sayyid kama sisi, jino moja limepinda, akicheka analifunika kwa mkono. Shangazi aliyekuwa na kiti alikuwa kitandani anakata roho. Amma akasema tumwachie Mungu. Akaandika karatasi mbili, moja "aolewe", moja "asiolewe", akazikunja, akaziweka chini ya mswala, akakuita wewe, kwa sababu mtoto wa miaka saba hana dhambi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia. Niliviona vidole vyako vikipapasa, vina unga. Ukachota. Asiolewe. Shangazi alizikwa Jumatatu, Alhamisi nikavalishwa nyeupe.

Sikukulaumu hata siku moja. Nilijiambia mkono wa mtoto ni mkono wa Mungu. Neno hilo nimeishi nalo miaka thelathini na moja, ndilo mume wangu. Wanawake wanaponiuliza, nafunga kweli, naswali kweli, nasubiri kweli, na mara nyingi sionyeshwi kitu nawaambia sijaonyeshwa, warudi tena. Halafu ikaja barua yako chini ya lozi: hutakiwi kufunga, hutakiwi hata kulala, andika tu. Kumbe hivyo ndivyo unavyoiona kazi yangu. Haya. Nimeandika tu. Nimeandika uliyotaka, na mimi nikaandika ninayotaka.

Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona nusu. Nataka macho, Gulrukh, na nimeyachagua yale yaliyoinama kwenye hadubini.

Kunizuia ni rahisi. Mwambie mumeo kwamba uliagiza nyeusi kwangu kama mtu anavyoagiza kitambaa dukani. Barua yako sikuichoma.

Dada yako


Faisalabad
7 Aprili 1987

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakuandikia mwenyewe, bila kumwambia mama wala baba. Naomba usikasirike.

Sisemi ndoto yako si ya kweli. Lakini mwalimu wetu wa dini chuoni alitufundisha kwamba istikhara huswaliwa na mwenye haja mwenyewe, kisha atazame moyo wake umeelekea wapi. Basi niliswali. Siku saba, hata kabla baba hajakuandikia. Sikuota kitu, wala kisima wala ua. Ila kila siku niliamka moyo umetulia, nikimfikiria Ihtisham nafikiria mtu wa kawaida anayeniuliza nimekula nini. Sikuona hofu popote. Je, hilo si jibu? Au jibu langu halihesabiki kwa sababu ni langu?

Ihtisham anasema atangoja. Nilimwambia asingoje, akasema yeye amezoea kungoja, kuna vipimo vinachukua siku tatu na huwezi kuvifokea.

Mimi si mtu wa kiti, Mama Mkubwa. Nina haraka, nacheka vibaya, mwanamke akilia mbele yangu nalia naye. Nataka kufundisha hesabu watoto wa darasa la nne. Mwombe Mungu akuonyeshe tena. Mara moja tu. Nitakubali chochote utakachokiona mara ya pili, naapa.

Mwanao,
Mahjabin


Kot Mirana
14 Shaabani 1407

Mahjabin,

Mwandiko wako unasomeka vizuri. Nimefurahi.

Mungu haulizwi mara mbili na mtu asiyelipenda jibu la kwanza. Lete nguo nyeupe tatu, na shela zito. Hesabu utazikuta hapa: Alhamisi huja wanawake mia moja na zaidi.

Kama kuna mtu mwenye jambo la kusema juu ya ndoto yangu, yumo nyumbani kwenu. Muulize mama yako kama ana la kusema. Akinyamaza, funga mzigo.

Safura


Faisalabad
29 Aprili 1987

Bibi mheshimiwa,

Nimefika salama, nimepokelewa na watu wote wa ofisi kama mtu aliyerudi Makka. Najiona nimekuwa mrefu zaidi.

Amana yako nimekuachia. Namshukuru Mungu hakulia njiani. Alipopanda basi alimgeukia mama yake akamuuliza, "Mama, una la kusema?" Akamuuliza mara tatu, kondakta anapiga ubao tuondoke. Mke wangu alitazama miguu yake. Mimi nikamwambia, mwanangu, mama yako furaha imemkaba. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma pale Khanewal, akayashika mkononi mpaka yakapoa.

Gulrukh anaumwa. Daktari haoni ugonjwa. Nakuomba pumzi ya dua juu ya maji, nitayafuata Alhamisi.

Mazhar Shah, mwenye bahati


Faisalabad, mtaa wa vinu
14 Septemba 1987

Bibi wetu Safura,

Mimi Hajra mke wa Rahmat mfumaji, nimemwomba binti wa jirani aniandikie. Mwaka huu ulimtazamia mwanangu Ihtisham ukaona nyeusi. Tuliikubali. Ilituuma tukanyamaza.

Sasa miguu yangu imekufa kabisa, Bibi, ndani hakuna wa kunipa maji. Tumempata msichana, Shamim binti Kaneez, mtoto wa shemeji yangu. Mwanangu hataki. Anasema ataoa siku Bibi wa Kot Mirana atakapoandika kwa karatasi kwamba ameona nyeupe. Mimi najua anasema hivyo ili niache kumsumbua. Mama Gulrukh alishamwambia zamani kwamba binti alikwenda kwa hiari yake na ana furaha, lakini yeye bado anapita kwenye kituo cha basi akitoka kazini.

Tutazamie. Ukisema nyeusi tena, sitakusumbua.

Hajra


Kot Mirana
28 Muharram 1408

Kwa Hajra mke wa Rahmat,

Bibi Safura amefunga na ameswali kwa ajili ya Ihtisham bin Hajra na Shamim binti Kaneez.

Ameona nyeupe. Afunge ndoa kabla ya mwezi wa Maulidi.

Kwa amri yake,
mwandishi


Faisalabad
20 Novemba 1987

Dada Safura,

Hii isome wewe. Najua majibu ya watu sasa anaandika Mahjabin, mwandiko wake naujua. Lakini uliniambia jicho la kushoto bado lina nusu. Ipeleke dirishani, isome kwa hiyo nusu, uchukue muda unaotaka, ila mtoto asiione. Nakuomba kwa haki ya kaburi la baba.

Ihtisham ameoa mwezi uliopita. Hajra anasema jibu lenu lilipofika aliutazama mwandiko muda mrefu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema sawa, nitaoa. Harusini hakuinua uso.

Na Alhamisi iliyopita nilikuja. Labda hukujua. Nilipanga foleni na wanawake wengine, saa tatu, nikafika mbele. Mwanangu ameketi, shela hadi kwenye nyusi. Akaniuliza: "Haja yako nini, na jina la mama yako nani?" Nikamwambia, Mahjabin, ni mimi. Akarudia vilevile, haja yako nini, na jina la mama yako nani. Wanawake nyuma wakaanza kunisukuma. Nikamtajia jina la mama yangu. Akaniambia nirudi wiki ijayo, hajaonyeshwa kitu.

Dada, nina jambo la miaka thelathini na moja. Siku ile nilipochota, Amma alitoka kwenda kuwapa wageni jibu. Nilirudi kwenye mswala kuichukua karatasi ya pili, nilitaka kumtengenezea mwanasesere wangu kitabu. Nikaikunjua. Ndio kwanza nilikuwa najua kusoma. Ilikuwa imeandikwa "asiolewe". Zote mbili, dada. Kwenye mswala ule hakukuwa na "aolewe". Amma akanikuta nayo. Akanipa donge la sukari guru, akaniambia nikisema ulimi utaota nywele. Nikala.

Nilikuwa na miaka saba, lakini hata kumi na saba niliifikisha, na ishirini na saba, sikusema. Ulimi nilikwisha kujua hauoti nywele. Nilinyamaza kwa sababu Amma aliniambia nilipovunja ungo: kama si Safura, kiti ni chako. Ndiyo maana. Sina maneno mazuri ya kuiremba. Niliolewa juu ya karatasi ile, nikazaa juu yake, na kila Idi nilikutumia nguo nyeupe.

Kwa hiyo si Mungu aliyekunyima Asghar. Ni Amma. Na si Mungu aliyemnyima Mahjabin, ni mimi. Sasa mimi nimesema. Nichukie unavyotaka, nina haki ya kuchukiwa. Lakini mtoto mrudishe. Mazhar ameapa: Bibi akiandika neno moja, kwamba arudi, atakodi gari siku hiyohiyo. Hata hatauliza. Neno moja, dada.

Nakusubiri mlangoni,
Gulrukh


Kot Mirana
12 Mfungo Saba 1408

Kwa Gulrukh binti Sakina,

Jicho la kushoto lilikufa mwezi wa Muharram. Barua zote nazisoma mimi, na yako nimeisoma mimi, kwa sauti, chini ya mwarobaini, baada ya alasiri. Nilipofika pale uliposema mtoto asiione nilisoma na hapo pia. Mama Mkubwa akasema, "Endelea."

Hakupiga kelele. Aliniomba nirudie pale pa sukari guru. Akauliza ilikuwa guru nyeusi au ya njano. Nikamwambia hukuandika. Baadaye akaanza kujipapasa nguo, mikono, mabega, kama mtu anayetafuta ufunguo. Siku mbili hakula wala hakupokea watu. Wanawake walilala barabarani wakimsubiri.

Siku ya tatu akaniita. Akaniambia: "Nataka mara moja katika maisha yangu nichote karatasi ya kweli. Sitaki kusema mimi, nimesema sana. Tia udhu. Andika mbili, moja arudi, moja asirudi. Kunja sawasawa. Itakayotoka ni ya Mungu, na kama ni arudi, nitakusindikiza mwenyewe mpaka kwenye gari, nikishika ukuta." Alikuwa ameoga, mama. Alikuwa amejipaka uturi.

Nikatia udhu. Nikaandika. Nikaziweka chini ya mswala.

Kabla sijakwambia iliyotoka, nikwambie jambo jingine. Ile barua yako ya lozi ninayo. Ilikuwa kwenye sanduku lake la bati, niliiona wakati ninapanga makaratasi, mwezi uleule wa Muharram, wiki moja kabla ya barua ya Hajra. "Nitamfuta machozi mimi mwenyewe." Nimeisoma mara nyingi. Na barua ya Hajra ilipokuja, Mama Mkubwa alifunga na kuswali, akaniambia kwa kweli kabisa kwamba ameona nyeupe, shamba la pamba limepasuka. Alikuwa haoni. Ningeweza kuandika nyeusi, Ihtisham angengoja, angeelewa. Kalamu niliishika hivyo hivyo kwa muda. Nikaandika alichosema, kwa sababu huko nyuma niliapa kukubali chochote atakachoonyeshwa mara ya pili. Hiyo ndiyo mara ya mwisho niliandika kama ilivyosemwa.

Mama Mkubwa alichota. Alizipapasa zote mbili sana, akaacha hii, akashika ile, akarudi. Akaibusu kabla ya kunipa. Nikamsomea: "Asirudi."

Akasema Alhamdulillahi. Akalia, halafu akacheka akaufunika mdomo kwa mkono, sijawahi kumwona akicheka hivyo. "Basi Yupo," akasema. "Safari hii ni Yeye." Sasa anakula vizuri. Amerudi kupokea watu, anaketi kando yangu, ananishika goti.

Usije Alhamisi. Ukija nitakuuliza jina la mama yako. Baba mwambie kwamba Bibi ametazama na binti yake anabaki, atafurahi.

Karatasi ya pili nimeitia humu ndani ya bahasha, bado imekunjwa. Ile ya utotoni mwako uliikunjua kwa kujificha. Hii ikunjue mbele ya baba.

Mahjabin